Kumkaririsha mtoto darasa hakutoshi, mrudisheni pale alipoishia

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na pole na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba watoto wanaofika madarasa ya kati bila kujua kusoma dawa yao ni moja tu, wakaririshwe darasa, yaani warudie mwaka, mpaka waive. Nimemsoma mpaka nukta ya mwisho na hasira zake nazielewa kabisa, manake mimi mwenyewe nafundisha madarasa ya chini na hamna kitu kinaumiza roho kama kumpa mtoto wa darasa la nne sentensi ya maneno matano afu anakuangalia wewe usoni badala ya kuangalia karatasi, anasubiri mdomo wako uanze ili aufuatishe. Tatizo kaliona vizuri. Dawa yake ndo naikataa.

Hebu twende taratibu. Mtoto kakaa darasa la pili mwaka mzima, mwalimu kaenda na silabasi mpaka kaimaliza, mtoto hakuambulia kitu kwa sababu mambo ya darasa la kwanza hayakumkaa. Sasa unamrudisha darasa la pili lile lile, silabasi ile ile, pengine na mwalimu yule yule, mambo ya darasa la kwanza bado hayajamkaa na hamna wa kuyafundisha kwa sababu sio ya darasa la pili, unategemea kipi kibadilike? Kilichoongezeka ni umri, na aibu ya kukaa na wadogo zake.

Na kwa taarifa tu, hizi rimidio zetu nyingi, yaani vipindi vya ziada vya waliobaki nyuma, nazo ni kukaririsha darasa ila kwa vipande vipande. Asubuhi mwalimu kafundisha sehemu, mchana wanaobaki wanafundishwa tena zile zile sehemu, mifano ile ile ubaoni, tofauti ni kwamba sasa mwalimu kachoka na anaongea kwa sauti zaidi. Tuisheni za jioni ndo usiseme. Mtoto hajui kugawanya kumi na mbili kwa nne, wewe unamfundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti mara ya pili, ya tatu, ya nne, ni sawa na mtu anayezungumziwa lugha asiyoijua afu dawa yake iwe kumuongezea sauti. Mtoto wa hivyo afundishwe pale alipoishia kuelewa, hata kama pale ni madarasa mawili au matatu nyuma ya alipo, na afundishwe hapo bila haraka mpaka pakae, ndo asogezwe. Nachotaka kusema kwenye barua hii ni hicho tu, yanayofuata ni kwa nini nasema hivyo na inafanyikaje.

Kwanza lile la uvivu, manake ile barua imewaita wavivu mara kadhaa. Benki ya Dunia mwaka 2019 ilikadiria kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati watoto 53 kati ya 100 wanafika miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi nyepesi, na baada ya shule kufungwa kwa ajili ya corona makadirio ya 2022 yakapanda mpaka kama 70 kati ya 100. Sasa watoto zaidi ya nusu wote hao wawe wavivu? Darasa zima likikosa swali moja, mwalimu yeyote mwenye akili anaenda kuliangalia swali, au anajiangalia alivyofundisha, hawachapi wote akaita wavivu. Kinachotokea kiko wazi kwa aliye ndani: silabasi inakimbia kwa mwendo wa wale watatu wanne wa mbele wanaonyoosha mkono, mkaguzi akija anauliza umefika mada ya ngapi, haulizi nani kaelewa, kwa hiyo mwalimu anakimbia. Mtoto akiumwa wiki mbili, au familia ikihama, au akianza shule hajawahi kushika penseli, ile treni haimsubiri.

Na pengo lenyewe halikai vilevile, linakua. Mwanasaikolojia Keith Stanovich aliliandika vizuri mwaka 1986, kwamba anayesoma kwa urahisi anasoma zaidi, akisoma zaidi anapata maneno mengi, akipata maneno kusoma kunakuwa rahisi zaidi, na anayehangaika anakwepa kusoma kwa hiyo anazidi kuachwa. Akaliita kwa jina la Injili ya Mathayo, pale panaposema mwenye kitu ataongezewa na asiye nacho hata kile kidogo atanyang'anywa. Ndo maana ile kauli ya "muache, akikua atajua mwenyewe" huwa inanikera, wapo wanaojua wenyewe ndio, ila wengi wakikua kinachokua ni ujanja wa kuficha.

Na ujanja huo niuelezee kidogo, wazazi wengi wanadanganyika hapa. Unampa mtoto kitabu chenye picha, anausoma ukurasa mzima bila kukwama, kidole kinatembea chini ya mstari, sauti nzuri, anavuta na pumzi kwenye nukta. Mzazi anatabasamu. Sasa kiangalie kile kidole: kimeshafika mwisho wa mstari na mdomo bado uko katikati. Funika picha. Chukua yale yale maneno ya ule ukurasa yaandike kwenye karatasi nyingine kwa mpangilio mwingine, na hapa na pale badilisha herufi moja, palipokuwa na "kata" weka "kaka", palipokuwa na "panda" weka "panga". Mtoto anayesoma atasoma. Huyu wetu ataona "pa" atamalizia "panda", akifika neno la tatu atanyamaza, ataangalia dari, ataomba kwenda kunywa maji. Ukurasa ule alikuwa ameukariri kwa kuwasikia wenzake wakiuimba darasani, na picha ilikuwa inamkumbusha. Huwezi kumlaumu hata kidogo, kafanya kazi kubwa ya kichwa kuliko anayesoma!

Huyu ukimrudisha darasa ataukariri tena ule ukurasa na mwakani atausoma vizuri zaidi.

Anachohitaji ni kurudi kwenye sauti za herufi. Kiswahili kimetupunguzia kazi hapa, irabu tano tu, na karibu kila herufi inatamkwa vilevile popote utakapoikuta, kwa hiyo mtoto akishika sauti na akajua kuziunganisha anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Ila lazima aunganishe kweli. Ninaowaona wamekwama wengi hawajakwama kwenye ma me mi mo mu, hizo wanazipiga vizuri tena kwa wimbo, wamekwama pale konsonanti zinapofuatana, mb, nd, ny, ng', mw, kw, shw. Anasoma "mama" anasoma "baba" anasoma "kuku", akikutana na "mwamba" anasema "ma... mamba?" afu anakuangalia. Mtu anasema huyu hajui kusoma. Anajua, ila kuna kipande kimoja hana, labda siku kile kipande kinafundishwa hakuwepo na hakijarudiwa tena. Kipande hicho ukikikalia siku chache tu, kadi za silabi mezani, anazisogeza mwenyewe kwa mkono, mwa, mba, mwamba, utashangaa yanavyofunguka maneno mengine ambayo wala hukumfundisha.

Tena niseme na hili, kumfundisha mtoto abahatishe neno kwa kuangalia picha au kwa kufikiria "hapa neno gani lingefaa" ni kumuongezea tatizo. Kuna mpango maarufu sana wa kusaidia wanaochelewa kusoma ulioanzia New Zealand miaka ya 1970 chini ya Marie Clay, mwalimu mmoja na mtoto mmoja, nusu saa kila siku kwa wiki kama 12 mpaka 20, ukaenea mpaka Marekani na Uingereza. Kuna mengi mazuri mule, hasa lile la kila siku na la mmoja kwa mmoja, lakini ulilaumiwa miaka mingi kwa kuachia watoto wategemee picha na maana ya sentensi kubahatisha maneno, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware waliofuatilia watoto wa Marekani waliopita kwenye mpango huo darasa la kwanza walikuta kwamba kufika darasa la tatu na la nne walikuwa chini ya wenzao wa kulinganishwa nao ambao hawakuupitia. Yaani haraka haraka walionekana wamepona, pengine baadaye vitabu vikakosa picha.

Sasa utajuaje mtoto kaishia wapi? Sio kwa mtihani wa kuandika. Mtihani wa kuandika unakwambia kapata 12 kati ya 50, haukwambii kakwama wapi, na asiyejua kusoma utampimaje hesabu kwa maswali ya kusoma? Muite mmoja mmoja, pembeni, wenzake wasisikie. Muoneshe herufi, akizijua muoneshe silabi, afu maneno mafupi, afu aya ya sentensi nne tano, afu kahadithi na umuulize maswali mawili. Anapoanza kuteseka hapo hapo ndo pake, simama, andika. Dakika tano sita zinatosha. Kwenye hesabu vilevile, atambue namba za tarakimu moja, mbili, atoe, agawanye, basi. Darasa kubwa linaweza kukuchukua siku kadhaa kulimaliza ila ukimaliza unayo ramani, na mara nyingi utakuta kwenye darasa moja la nne una watoto wa levo tano tofauti kuanzia wa herufi mpaka wa hadithi, na wote walikuwa wanafundishwa kitu kimoja.

Hili sijaliota. Shirika la Pratham la India, lililoanza Mumbai mwaka 1995 na watoto wa mitaa ya mabanda, ndo limelifanyia kazi muda mrefu kuliko wengi, wanawapanga watoto kwa kile wanachoweza badala ya umri au darasa. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo na wenzao wakalipima huko Mumbai na Vadodara, matokeo yakatoka 2007: wasichana wa mitaa hiyo hiyo, wengi elimu yao sekondari, wakapewa mafunzo ya muda mfupi, wakachukua watoto 15 mpaka 20 wa darasa la tatu na la nne waliobaki nyuma, kama saa mbili za siku ya shule, wanafundisha mambo ya msingi tu. Watoto wakapanda, na waliopanda zaidi ni wale wa chini kabisa. Banerjee na Duflo pamoja na Michael Kremer ndo hao waliopewa Nobel ya uchumi 2019. Nisifiche upande wa pili pia, mwaka mmoja baada ya watoto kutoka kwenye mpango ile faida ilikuwa imepungua sana, kwa hiyo sio chanjo, ukimnyanyua afu ukamuachia kwenye treni ile ile ataanza tena kuachwa.

Lakini kinachonivutia zaidi ni pale walipofeli. Kwenye majimbo ya Bihar na Uttarakhand, huko huko India, walijaribu kuwapa walimu wa kawaida wa serikali mafunzo na vitabu vya hii njia, basi, afu wakawaachia wakaendelee na darasa lao. Hamna kilichobadilika. Unaweza kusema walimu wa serikali hawana moyo, ila hao hao wa Bihar walipofundisha kambi ya likizo ya mwezi mmoja ambayo haikuwa na silabasi ya kukimbiza, watoto walipanda! Na kwenye jimbo jingine, Haryana, walipoitenga saa moja nzima ya siku, watoto wakatolewa madarasani mwao wakapangwa upya kwa levo, na wasimamizi wakawa wanapita kweli kuangalia, ikafanya kazi kwa walimu wale wale wa serikali, angalau kwenye kusoma. Mwalimu ni yule yule jamani. Ukimpa semina ukamrudisha kwenye silabasi, silabasi inashinda. Ukimpa saa yenye jina lake kwenye ratiba na watoto wa levo moja, anafundisha. Kila nikikaa kwenye semina nyingine ya siku tatu yenye vyeti na picha ya pamoja huwa nawaza haya mambo ya Bihar.

Wapo watakaosema tuleteeni vitabu. Vitabu vije, sivikatai, ila Kremer huyo huyo na wenzake walifuatilia ugawaji wa vitabu vya kiada kwenye shule za Kenya, matokeo yakachapishwa 2009, wakakuta havikupandisha wastani, vilisaidia waliokuwa tayari wanafanya vizuri, kwa sababu vilikuwa vya Kiingereza na vimeandikwa kwa mtoto ambaye wengi darasani sio yeye. Na tena huko huko magharibi mwa Kenya wakachukua shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mawili, nusu ya shule watoto wakagawanywa kwa uwezo, nusu wakagawanywa hovyo tu kwa bahati nasibu, na baada ya mwaka mmoja na nusu shule zilizogawa kwa uwezo zilikuwa juu, kwa wote, wa juu na wa chini. Hapa lazima niweke breki kidogo, manake najua kuna mwalimu mkuu anasoma hii na kesho ataandika "4A Werevu" na "4D" mlangoni. Mgawanyo unaosaidia ni ule ambao mwalimu anashuka kweli kwa watoto aliopewa. Ukiwaweka wa chini pamoja afu ukawapa mwalimu anayejificha na simu, umewatupa jalalani.

Kwa hiyo kama ni grupu, liwe la saa moja ya siku, wakimaliza warudi kwa wenzao darasani. Na lisiwe la kudumu. Pima tena baada ya wiki kadhaa, aliyepanda mhamishe hata katikati ya wiki, asisubiri muhula uishe, watoto wanaijua levo yao hata uwape majina ya ndege au ya maua, kinachowapa moyo ni kuona mtu anahama. Na mwalimu bora wa shule apelekwe kwa wa chini kabisa, hili nalijua halipendwi, tumezoea mwalimu bora anapewa darasa la mtihani ili shule ing'ae.

Kwenye hesabu nako kuna kitu nataka wenzangu wakiangalie. Mpe mtoto 52 toa 27. Anaandika 35. Wengi tunapiga mkasi, tunaandika "rudia", tunaenda kwa mwingine. Akirudia atapata 35 tena, hata ukimpa mara mia, kwa sababu hajakosea kwa bahati mbaya, ana kanuni yake: kubwa toa ndogo. Saba na mbili, kubwa ni saba, saba toa mbili tano. Tano toa mbili tatu. Thelathini na tano, safi kabisa. Mwambie tu akuoneshe alivyofanya, anyamaze kila mtu asikilizwe yeye, utaisikia kanuni yenyewe inavyotoka. Halafu usimwambie "unakopa moja kwa jirani", hiyo kukopa ndo imewachanganya wengi, anakopa moja kivipi na ni kumi? Chukua vijiti, funga mafungu matano ya kumi kumi, na viwili pembeni. Mwambie akutolee saba pembeni. Vipo viwili. Atakaa, ataangalia, wengine watacheka, afu mwenyewe ataenda kufungua kamba ya fungu moja. Pale anapofungua kamba, hesabu yote ya kutoa imo pale, baadaye ndo uje uiandike pembeni ya vijiti.

Mwingine ukimwambia andika mia mbili na tano anaandika 2005. Kasikia mia mbili, kaandika 200, kasikia tano, kaweka 5. Kasikiliza vizuri tu! Hajajua nafasi ya tarakimu inafanya kazi gani, na huyo ukimkalisha kwenye kuzidisha kwa njia ya wima unampotezea muda wake na wako.

Muda wenyewe usiwe mrefu lakini uwe wa mara kwa mara. Watu wanapenda Jumamosi nzima ya rimidio, saa nne mfululizo, mtoto anatoka kichwa kinauma na Jumatatu hana kitu. Toka enzi za Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kukariri na kusahau akaandika mwaka 1885, inajulikana kwamba kitu ukikigusa kidogo kidogo siku tofauti kinakaa kuliko kukibeba chote siku moja. Nusu saa kila siku, unaanza na kile cha jana.

Na wasio na nusu saa? Wapo. Corona ilipofunga shule Botswana mwaka 2020 walijaribu kupiga simu kwa wazazi, simu moja kwa wiki kama dakika 20 hivi, mtoto na mzazi wake wanafanyishwa hesabu za levo ya mtoto, pamoja na meseji. Waliopigiwa walipanda. Waliotumiwa meseji peke yake hamna cha maana. Sauti ya mtu anayekusikiliza ukikosea inafanya kitu ambacho meseji ya maswali haifanyi. Wazazi mnaouliza mnaweza kusaidia nini na wenyewe hesabu zimewatoka, msifundishe, kaeni naye tu asome kwa sauti dakika kumi, akikwama msubirini, hesabuni mpaka tano kimoyomoyo kabla hamjamtajia. Na msimwambie "mdogo wako mbona anajua". Hiyo sentensi imefunga midomo ya watoto wengi kuliko kiboko.

Kabla sijasahau, kabla ya yote haya mwangalieni macho na masikio. Msogeze mbele uone kama mambo yanabadilika, simama nyuma yake umuite kwa sauti ya chini uone kama anageuka. Kuna watoto wanaitwa wazito miaka mitatu kumbe ubao hawauoni. Na wapo wachache ambao hata ukirudi kwenye sauti, kila siku, kwa utulivu, miezi, herufi hazikai, hao inawezekana wana disleksia, yaani shida ya kudumu ya kuunganisha herufi na sauti, wanahitaji mtaalamu na muda mrefu zaidi, ila tusikimbilie kuwabandika jina hilo kabla hatujawafundisha kweli kile walichokikosa.

Msomaji mwenzangu atauliza hiyo saa itatoka wapi, ratiba imejaa. Ipo tayari, ni ile ile ya rimidio mnayorudia somo la asubuhi. Ipo pia ile ya kunakili notsi ubaoni huku mwalimu anasahihisha madaftari. Naomba tu isitolewe kwenye michezo wala kuchora, manake mtoto anayeshika mkia darasani mara nyingi pale uwanjani ndo mahali pekee anaposhangiliwa, ukimnyima na hapo ataichukia shule pamoja na wewe.

Silabasi ya darasa lake je, si ataikosa? Ndio, ataikosa kidogo kwa hiyo saa. Lakini alikuwa anaipata? Alikuwa anakaa mbele yake.

Mhariri, nikuombe na wewe jambo. Zile barua za nani kashika namba ngapi kimkoa na kitaifa zimeshajaa, wape nafasi walimu wanaofundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja watuandikie hiyo saa wanaipangaje, wanawaweka wapi watoto wa herufi wakati wa hadithi wanasoma, wakubwa wanaojua wanatumikaje kuwasikiliza wadogo. Na yule msomaji nimuombe kitu kidogo: amtafute mtoto mmoja tu anayemjua aliyekaririshwa darasa mwaka huu, amfunikie picha, amwandikie "mwamba" na "panga", amsikilize, afu atuandikie tena humu alichokisikia.

Wako,
Mwalimu wa madarasa ya chini